Kicheko cha Kimya

Kila Jumamosi asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajaingia, Chiriku alikuwa amekwisha kufuta kioo cha mbele, kuosha vitana kwa maji ya moto na kunyoosha lile koti jeusi ambalo nusu ya mji ilipigwa picha za pasipoti ikiwa imelivaa. Lilikuwa koti kubwa. Watu wembamba walibanwa mgongoni kwa vibanio vya kuanikia nguo, na mbele wakaonekana kama wakurugenzi wa benki. Wanene waliambiwa wavute tumbo ndani na wasipumue mpaka taa iwake.

Studio ilikuwa ya baba yake. Ilikaa katika safu ya maduka, kati ya kinyozi na muuza misumari na saruji, na kwenye kioo chake paliandikwa kwa rangi nyekundu: PICHA SAFI, BEI POA, UNASUBIRI KIDOGO TU. Ndani kulikuwa na mapazia matatu ya nyuma: moja la maporomoko ya maji, moja la maktaba yenye vitabu vya kuchorwa, na moja la ngazi za jumba la kifahari. Mtu aliyetoka kuuza mkaa aliweza kuingia, akanawa uso, akasimama kwenye ngazi za jumba, na kutoka na ushahidi.

Chiriku hakuitwa hivyo bure. Tangu alipojua kusema, mdomo wake haukujua kupumzika. Hata mwalimu wake alikuwa amelisahau jina la kwenye daftari la mahudhurio.

Baba alikaa kwenye kaunta na kompyuta, lakini aliyeiweka hai studio ile alikuwa mpiga picha wake, mtu mrefu mwenye mabega yaliyoinama kidogo ndani ya koti la kazi la studio, ambaye kila mtu alimwita Bwana Cheka. Chiriku alimwita Anko. Kwa watoto wachanga, alijiwekea kitana kichwani na kukitikisa mpaka kikaanguka. Kwa wazee, aliuliza habari za wajukuu, kisha akabonyeza kamera wakiwa katikati ya kujibu. Kwa wale waliokaa wameganda kama wanaosubiri hukumu, alikuwa na maneno yake: "Cheka basi! Hii ni picha, si mahakama!"

Alikuwa na sheria moja ambayo hakuipindisha. Picha ni ya mwenye uso. Hakuna picha iliyowekwa dirishani bila ruhusa ya mwenyewe, na iliyoharibika kwenye printa ilikatwa vipande vidogo kabla ya kutupwa. Baba alizoea kumtania.

"Wewe Cheka, unakata picha kama mtu anayekata mboga za kupika!"

"Bosi, uso wa mtu hautupwi mzima mzima jalalani," alijibu Bwana Cheka, na mkasi ukaendelea.

Jumamosi moja aliingia mama mmoja aliyefanya kazi ya kufua mashuka katika nyumba ya wageni. Mikono yake ilikuwa imekunjamana kwa maji na sabuni. Nyuma yake alifuata binti yake, na Chiriku alipomwona alishtuka. Alikuwa Kimya, msichana mgeni wa darasani kwao.

Walikuwa wamehamia kutoka mbali, huko ambako watu hunywa maji ya visima. Tangu afike shuleni hakuna aliyewahi kumwona akicheka. Mwalimu akimwuliza swali, alijibu huku kiganja kimeziba midomo. Ndiyo maana wakamwita Kimya. Wengine walisema ana kigugumizi, wengine walisema anaringa.

"Baba yake yuko kazini mbali," mama alieleza. "Juzi kwenye simu ameniambia amesahau mwanawe anavyocheka. Anataka picha yake akicheka. Mimi nimejaribu kwa simu yangu, nimeshindwa. Huyu hafungui kinywa."

Kimya alikuwa anamtazama Chiriku. Uso wake ulikuwa umekaza kama ngumi.

Bwana Cheka aliuona mtazamo ule. "Chiriku mwanangu, hebu nenda nje kidogo. Kapige gumzo na kinyozi."

Chiriku alitoka kwa mlango wa mbele, akazunguka, akaingia kwa mlango wa nyuma. Akajibanza nyuma ya pazia la maktaba, akachungulia kwenye tundu dogo kati ya kitabu na kitabu.

Bwana Cheka hakuwa ameshika kamera. Alikuwa amekaa sakafuni mbele ya kiti cha Kimya.

"Mdogo wangu, sitakulazimisha," alisema. "Lakini nadhani najua unachoficha, kwa sababu na mimi nina changu. Nikikuonyesha changu, utakitunza?"

Kimya aliitikia kwa kichwa. Bwana Cheka akaingiza vidole viwili kinywani, akavuta, akatoa jino la mbele. Lilikuwa jino la bandia. Pengo lilibaki jeusi kama mlango ulioachwa wazi.

"Thatha thikiliza," alisema kwa kithembe cha ajabu. "Mimi ni mpiga pitha wa kithatha. Thina jino. Hebu na wewe thema: thamaki thita thafi!"

Mama aligeukia ukutani, mabega yakamtetemeka. Kimya alijaribu kujizuia. Akabana midomo, akafumba macho, pua zikamcheza. Kisha kicheko kikampasuka, kikubwa, cha kutoka tumboni, kichwa kikaenda nyuma na mikono ikasahau kazi yake ya kuziba. Bwana Cheka alikuwa amekwisha kunyanyuka na kamera. Taa ikawaka.

Kutoka kwenye tundu lake, Chiriku aliyaona meno ya Kimya. Yalikuwa ya kahawia, yenye madoa na vishimo, kama bati lililonyeshewa mvua miaka mingi.

Walipomwonyesha picha kwenye kompyuta, Kimya kwanza alifunika macho. Kisha akachungulia kati ya vidole. Kisha akaishusha mikono, akatazama kwa muda mrefu.

"Ni mimi?" aliuliza.

"Ni wewe," alisema Bwana Cheka, ambaye sasa alikuwa amerudisha jino lake. "Tangu nianze kazi hii sijapiga picha nzuri kama hii."

Nyuma ya pazia, moyoni mwa Chiriku kilipita kitu kidogo chenye kucha. Picha yake mwenyewe, yenye utepe mwekundu, ilikuwa dirishani. Anko hakuwahi kumwambia maneno kama yale.

"Ni ya baba peke yake," Kimya alisema kwa sauti ndogo. "Isibandikwe. Wenzangu wasiione."

"Haitabandikwa. Nachapa moja, kisha naifuta hapa hapa ukiona."

Nakala ya kwanza ilitoka na mstari wa buluu pembeni, wino ulikuwa umevuja. Ya pili ikatoka safi. Bwana Cheka aliifuta picha kwenye kamera, akaifuta na kwenye kompyuta, huku Kimya akifuata kila kidole chake kwa macho. Walipoondoka, Chiriku aliingia kwa mlango wa mbele akipiga mluzi.

"Kata hii, mwanangu," Bwana Cheka alimwambia bila kugeuka, akimpa ile iliyoharibika. Mteja mwingine alikuwa amekwisha kukaa kitini. "Vipande vidogo."

Chiriku alichukua mkasi, akaenda chumba cha nyuma. Akakata ule mstari wa buluu. Ulikatika vizuri, picha iliyobaki ikawa nzima. Alisimama na mkasi hewani. Kisha akaichomeka picha ndani ya daftari lake la hisabati. Alijiambia kwamba anataka kuitazama tu.

Pengine angeitazama tu, kama mdomo wake ungekuwa na breki. Lakini Jumatatu asubuhi, kwenye bomba la maji, wasichana walikuwa wanabishana kuhusu Kimya, na Chiriku akajikuta amesema, "Mimi nimeyaona meno yake."

"Muongo!" alisema Meneja. Huyo alikuwa msichana aliyewapangia wenzake nani akae wapi na nani acheze na nani, ndiyo maana wakampa cheo hicho. "Chiriku kwa kutia chumvi! Kesho utatuambia umemwona akiimba."

Wote wakamcheka. Chiriku alihisi masikio yamewaka moto. Akafungua daftari la hisabati.

Vichwa viliinama juu yake. Kisha mmoja akasema, "Mungu wangu!" Meneja akainyakua picha.

"Nipe," alisema Chiriku. "Nilitaka mwone tu. Nipe bwana!"

"Tulia. Tunaangalia."

Picha ilitoka mkono hadi mkono, ikawapitia wavulana, ikapotea. Chiriku aliifuata kidogo, kisha akaacha, kwa sababu kila alikopita watu walikuwa wanampigapiga mgongoni na kumwambia, "Chiriku, wewe hatari!" Na hilo, kusema kweli, lilimfurahisha.

Baada ya mapumziko, picha ilikuwa ubaoni. Mtu alikuwa ameibandika kwa ubani aliokuwa anautafuna. Juu yake paliandikwa kwa chaki, herufi kubwa: KUTU. Chini yake: MSWAKI UNATAFUTWA.

Kimya aliingia wa mwisho. Darasa zima lilikuwa linamsubiri. Alitazama ubao. Kicheko kilianzia nyuma, kikaja mbele kama maji yaliyofunguliwa, na Chiriku naye alikuwa anacheka. Hakujua kwa nini. Alicheka kwa nguvu mpaka machozi yakamtoka, akipiga dawati kwa kiganja.

Kimya hakulia. Alikwenda ubaoni, akaibandua picha kwa ukucha, taratibu, ili isichanike. Akaiweka kwenye mfuko wa sketi. Akaziba mdomo kwa mikono yote miwili, akatoka, na mwalimu alipofika akakuta ubao umefutwa na watoto wenye adabu kuliko siku zote.

Kesho yake hakuja. Wala siku iliyofuata.

Kisha, alasiri moja ambapo Chiriku alikuwa amepita studio baada ya masomo, mlango ulisukumwa kwa nguvu. Mama wa Kimya alisimama katikati ya chumba akiwa amevaa nguo za kazi, zimelowa mapajani. Ndani kulikuwa na mume na mke na mtoto wao mchanga, tayari mbele ya pazia la maporomoko.

"Nani mwenye duka hili?"

"Ni mimi, mama," alisema baba. "Karibu. Kuna nini?"

Aliiweka picha juu ya kaunta. Ubani ulikuwa bado umeganda pembeni.

"Mlituahidi. Huyu bwana alimwahidi mwanangu, macho kwa macho. Mwanangu amekuta uso wake umebandikwa ubaoni shuleni, watoto wanamzomea. Mnajua alichofanya alipofika nyumbani? Alichukua waya wa kusugulia masufuria. Akajifungia. Amesugua meno yake mpaka fizi zimechanika. Nimemkuta kifua kizima kina damu, na bado anasugua!"

Mtoto mchanga alianza kulia. Baba aliinua picha, akaigeuza, akamgeukia mpiga picha wake.

"Cheka. Hii imetoka wapi?"

Bwana Cheka alikuwa amebadilika rangi. "Ilichapwa ikaharibika, bosi. Ya asili niliifuta. Hii iliyoharibika nilimpa Chiriku aikate."

Macho yote yalimwangukia Chiriku. Alikuwa amesimama karibu na vitana, kimoja mkononi.

"Mwanangu," Bwana Cheka alisema polepole, "uliikata?"

Chiriku aliona uso wa baba yake. Aliona ile picha. Ulimi wake, ambao haukuwahi kukosa neno, ulikuwa mzito kama jiwe, kisha ukawa mwepesi mno.

"Niliikata, Anko. Vipande vidogo."

"Chiriku..."

"Niliikata!"

"Inatosha!" Baba alipiga kaunta. "Aibu! Kazi umeiharibu mwenyewe, sasa unamsingizia mtoto! Mtoto aliyekuita Anko tangu hajaota meno!" Akaja, akamwekea Chiriku mkono begani. "Cheka, vua koti la studio. Toka. Na popote utakapoomba kazi ya kamera, mimi nitasema nilichokiona."

Bwana Cheka alirudi kwenye kamera. Alifuta lenzi kwa kitambaa, kama alivyofanya kila jioni, akaifunika. Akavua koti la studio mbele ya wateja. Fulana yake ya ndani ilikuwa na tundu begani, na kila mtu aliliona. Alipopita karibu na mama wa Kimya alisimama, akataka kusema neno. Mama yule akamtemea mate miguuni.

Tangu siku hiyo baba alipiga picha mwenyewe. Kwenye picha zake wateja walitoka wamekodoa macho kama waliokamatwa. Watoto wachanga walilia mfululizo. Chiriku aliosha vitana na hakusema kitu, na baba alidhani anahuzunika tu.

Shuleni habari zilifika kwamba Kimya anapelekwa zahanati kila siku kusafishwa vidonda, na kwamba anakunywa uji kwa mrija. Meneja alisema, "Si tulikuwa tunatania tu? Yeye ndiye kazidisha." Wengine wakakubali. Chiriku pia aliitikia kwa kichwa, ila usiku usingizi ulikataa.

Mambo yalimfikia kwenye ua wa muuza saruji. Walikuwa wanarudi kutoka shule, kundi zima, na lori lilikuwa linashushwa mizigo. Kati ya wapagazi waliojaa vumbi jeupe, mmoja alikuwa mrefu, mabega yameinama kuliko zamani. Mvulana wa darasani kwao alimtambua.

"Cheka basi!" alipiga kelele. "Hii ni picha, si mahakama!"

Kundi lilivunjika mbavu. Mwingine akamrushia ganda la ndizi, likamgonga shingoni. Bwana Cheka aliendelea kutembea na mfuko begani. Chiriku alikuwa amesimama katikati ya njia yake, miguu imegoma. Bwana Cheka alifika mbele yake. Macho yake, mekundu kwa saruji, yalimtazama kama yanavyomtazama mtoto wa mtu yeyote.

"Pisha, mtoto," alisema.

Hakusema Chiriku. Hakusema mwanangu. Chiriku alipisha.

Jioni hiyo, sahani zikiwa mezani na mama anapakua, Chiriku alisema, "Sikuikata."

"Hukukata nini?" aliuliza mama.

"Ile picha. Niliificha. Nikaipeleka shule. Anko alisema kweli."

Mwiko wa mama ulisimama hewani. Baba aliweka kijiko chini. Chiriku alisubiri kofi, hata alifumba macho, lakini kofi halikuja.

"Nilimwuliza yeye mbele ya watu," baba alisema, na sauti yake ilikuwa imechoka ghafla. "Nikakusikiliza wewe mbele ya watu. Yeye alisema kweli, nikamvua nguo. Wewe ulisema uongo, nikakuwekea mkono begani." Akasukuma sahani. "Vaa viatu."

Bwana Cheka aliishi chumba kimoja, uani kwa watu. Walimkuta amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mkewe anamkanda bega kwa maji ya moto. Chiriku alisema yote akitazama sakafu. Alipomaliza, mke wa Bwana Cheka alicheka kicheko kikavu.

"Mtoto huyu ndiye uliyekuwa unamnunulia peremende?" alimwuliza mumewe. "Wakati watoto wako wakinywa chai ya rangi?"

Bwana Cheka aliondoa mkono wa mkewe begani taratibu. Alimtazama baba. "Bosi, umekuja kufanya nini?"

"Kukuomba radhi. Na kukuomba urudi."

"Ulinivua koti mchana, duka limejaa. Radhi unaileta gizani, uani, wakati majirani wamelala. Hapana. Siku ya Jumamosi, mchana, milango ikiwa wazi. Na yule mama awepo."

"Sawa," alisema baba. "Ni haki yako."

Kesho yake walikwenda kwa akina Kimya. Mama yake alifungua mlango nusu, wala hakuwakaribisha.

"Hapo hapo mlangoni panatosha. Semeni."

Chiriku alirudia maneno yake. Nyuma ya mama yake, Kimya alikuwa amesimama na leso imefungwa kuanzia puani mpaka kidevuni.

"Muuguzi ametueleza," alisema mama, akimkazia Chiriku macho. "Yale si uchafu. Ni maji ya kisima kule tulikotoka. Yana madini yanayoingia kwenye meno ya mtoto tangu hayajaota. Hayatoki kwa mswaki, wala jivu, wala waya. Mwanangu hupiga mswaki asubuhi na jioni, na huenda anawashinda nyinyi nyote. Mngeuliza tu. Kuuliza kungewagharimu nini?"

"Nisamehe," Chiriku alimwambia Kimya. "Sikuibandika mimi. Wenzangu ndio waliochukua, mimi nilikuwa..."

"Ulikuwa unacheka."

Sauti ilitoka chini ya leso, nzito kwa maumivu, lakini kila neno lilisikika.

"Nilipoingia niliangalia watu wote," Kimya alisema. "Nilitaka kumwona hata mmoja ambaye hacheki. Wewe ndiye uliyekuwa unacheka kuliko wote. Ulipiga na dawati."

Chiriku alifungua kinywa. Mlango ukafungwa, bila kubamizwa.

Jumamosi, duka likiwa limejaa na kinyozi na wateja wake wamekuja kuchungulia mlangoni, baba alisimama mbele ya kaunta na koti la studio mikononi. Alieleza kosa lake kwa sauti ya kusikika barabarani, bila kujificha nyuma ya kosa la binti yake. "Mimi ndiye mkubwa," alisema. "Nilipaswa kuuliza mara mbili." Akamvalisha Bwana Cheka koti kwa mikono yake mwenyewe. Mama wa Kimya, aliyekuwa amesimama karibu na mlango, alitembea mpaka mbele, akainama, akamshika Bwana Cheka mikono.

"Nilikutemea mate, kaka yangu."

"Ulikuwa na haki ya kukasirika, dada. Ulikosea mtu tu."

Shuleni, Chiriku aliomba kusimama mbele ya darasa. Alisema ni yeye aliyeleta picha, na kwamba mpiga picha hana hatia. Mwalimu aliwasimamisha pia walioandika ubaoni, Meneja akiwemo, ambaye alilia na kusema anaonewa. Kisha mwalimu alifundisha, kipindi kizima, jinsi maji ya kunywa yanavyoweza kuyabadili meno, na alipomaliza hakuna aliyeinua macho. Kimya aliporudi, fizi zimepona, alihamishiwa dawati la mbele kama alivyoomba mwenyewe. Alipita karibu na Chiriku kila asubuhi. Hakumsalimia.

"Anko," Chiriku alisema Jumamosi moja, wakati studio ilikuwa haina mtu. "Wewe umenisamehe?"

Bwana Cheka alikuwa anakunja pazia la ngazi. Alikunja mpaka mwisho kabla ya kujibu.

"Mimi nimekusamehe. Bado inauma, nisikudanganye. Bega hili halijapona, na kuna watu mjini mpaka leo wananionyesha kidole, kwa sababu uongo walisikia wengi, ukweli wamesikia wachache. Lakini nimekusamehe."

"Na yeye? Atanisamehe lini?"

"Hilo usiniulize mimi. Wala usimwulize yeye." Alikaa kwenye kiti cha wateja, akamtazama usoni. "Sikiliza, Chiriku. Mtu akikaa hapa, anatukabidhi kitu ambacho hawezi kukificha nyumbani, uso wake. Yule mtoto alinikabidhi na kicheko chake, ambacho hakuwahi kumpa mtu. Nami nikakikabidhi kwako, kwa kuwa nilikuamini. Ulipokitoa nje, hukuiba karatasi. Ulimfanya ajute kwamba aliwahi kucheka. Radhi inaweza kuniondolea mimi aibu, na imeniondolea. Ila haiwezi kumwamuru yeye acheke tena. Kazi yako sasa ni kuwa mtu ambaye siri ikimfikia inafia kwake, na kuwa hivyo hata kama yeye hatajua kamwe. Usitende mema ili akusamehe. Tenda kwa sababu ulishaona mabaya yanavyofanya."

Chiriku alilia. Bwana Cheka alimwacha alie, hakumfanyia mzaha wowote.

Muhula ulikaribia kwisha. Asubuhi moja mwalimu alikuwa anaeleza ramani kwa mbwembwe, akarudi nyuma, akaegemea ukingo wa kopo la rangi ya maji lililokuwa mezani. Alipogeuka, suruali yake ilikuwa na duara la kijani, na yeye hajui. Darasa lililipuka. Katikati ya kelele zile, kutoka dawati la mbele, Chiriku alisikia kicheko ambacho alikuwa amekisikia mara moja tu maishani mwake, kikubwa, cha kutoka tumboni.

Wenzake wawili watatu walinyoosha shingo ili wamwone Kimya. Chiriku alitamani kutazama kuliko wote. Aliinamisha uso kwenye daftari lake, akabaki hivyo mpaka kicheko kilipokwisha chenyewe.